Likizo Zangu Nane

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake, umwambie mwanawe wa mwisho anamsalimia na bado ana meno yote kasoro mawili. Natumaini barua hii inawakuta wazima, au tuseme wazima wa kadiri, maana nakujua, ukisema hujambo huwa unamaanisha hujafa. Mimi mwili haujambo. Mgongo unalalamika asubuhi, nikiumwagia maji ya moto unanyamaza. Watoto wako huko walikotawanyikia na kazi zao, wanatukumbuka wakikumbuka. Mke wangu anakusalimu, na safari hii si mimi niliyemsemea, ametamka mwenyewe. Najua nyie wawili hamjatumiana hata neno tangu ule ugomvi wa cherehani ya marehemu Mama, kwa hiyo utashangaa. Shangaa tu, nitafika huko.

Naanza na lile unalolisubiri nisije nikakuweka roho juu. Ruhusa nimepata. Alhamisi ya wiki ijayo asubuhi nitakuwa mlangoni, na Jumatatu itakayofuata utakwenda hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia kama daktari alivyopanga. Hilo limekwisha. Yaliyobaki nakuomba uyasome ukiwa umekaa, mchana, karibu na dirisha, na usimpe jirani akusomee hata kama jicho linasumbua. Ni bora usome mistari mitano kwa siku kuliko yasomwe na mtu mwingine.

Barua uliyomwandikia meneja wangu bila kunishirikisha imefika. Dada, nilijua una ulimi, sikujua kwamba na kalamu yako inao! Umemwita mtu mzima jiwe. Umemuuliza kama alizaliwa na mwanamke au alimwagwa kwenye kalibu pamoja na chupa zake. Umemwambia kwamba kwa kuninyima likizo miaka minane amekula jicho lako la kushoto, na kwamba kama ana haya hata ya kukopa, aniachie wiki sita kabla ya kustaafu kwangu ili asile na la kulia. Hapo chini ukaandika: mwalimu mstaafu, dada yake mkubwa, sikuogopi. Nimeisoma mara nyingi mpaka naijua kwa moyo.

Kabla sijakuambia alisema nini, nipe nafasi nianzie mbali kidogo. Najua hupendi mtu anayezungukazunguka, lakini nikikupa mwisho bila mwanzo utadhani nilizaliwa hivi.

Unakumbuka nilivyoanza hapa kiwandani nikiwa na miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kuchambua vipande. Chupa zilizovunjika zinarudishwa kuyeyushwa, nasi tulizitenga, nyeupe huku, kijani kule, kahawia pale, glavu zimetoboka hata hazikumbuki zilikuwa glavu. Tulifanya siku tatu, ya nne tunapumzika. Dada, ile siku ya nne! Ilikuwa ndefu kama wiki. Tulikuwa wanne chumba kimoja na suruali moja tu ya maana, ya yule mrefu wetu, tukiivaa kwa zamu huku tumeikunja miguuni. Mwenye zamu ya suruali anaongoza mbele, wengine tunamfuata kama wapambe, tunatazama madirisha ya maduka mji mzima bila kununua hata sindano. Tukirudi tunacheza drafti kwa vizibo vya chupa, tunatukanana, tunacheka. Kuchoka nilikuwa nakusikia kwa wazee tu.

Na likizo ikifika, zile siku ishirini na nane, sikupoteza hata moja. Natoka kazini na vumbi masikioni moja kwa moja hadi stendi. Nikifika nyumbani nabomoa banda la kuku na kulijenga upya hata kama halikuwa na kosa. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kufundisha, unarudi na chaki kwenye nywele, unanikuta nimelala sebuleni mdomo wazi, unaninyunyizia maji usoni na kusema kumbe mjini wanafundisha watu kulala mchana. Mama anakugombeza kwa kumwaga maji. Sijawahi kupumzika vile tena maishani mwangu, na wakati ule sikujua hata kwamba napumzika.

Halafu nikaoa, wakaja watoto watatu mfululizo kana kwamba walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Kazini nikawa mkaguzi. Unakaa kwenye kiti kirefu, mbele yako kuna taa kali, chupa zinapita kwenye mkanda moja baada ya nyingine, nawe unatafuta ufa, kipovu, shingo iliyokaa upande. Unatazama dakika ishirini, unapumzika ishirini, kwa sababu jicho likizidishiwa hapo linaona chupa tu, ubovu halioni. Zile dakika ishirini za pembeni, nimeegemea ukuta na kikombe cha chai, ndizo zilikuwa mapumziko yangu kwa miaka kumi na sita. Nyumbani hakukuwa na kitu cha namna hiyo. Siku ya nne ilikuwa ya vitasa vya watu, vitanda vya watu, paa za watu. Watoto wakitaka kucheza nami nakubali, kisha nasinzia katikati ya mchezo. Binti yangu mdogo aliwahi kuniwekea kizibo juu ya kila jicho nikiwa nimelala, akawaita wenzake waje kumwona baba aliyekufa.

Likizo za miaka hiyo nilizikata vipande. Wiki moja kwenu, zilizobaki vibarua. Ulilalamika kwamba nakuja kama mpiga hodi. Nilikujibu kwamba nina watoto, na lilikuwa jibu la kweli. Nataka ujue kwamba mpaka hapo nilikuwa bado mkweli.

Nilipofika miaka arobaini na sita wakaniingiza ofisini. Ulifurahi sana, ukawatangazia walimu wenzako. Utakumbuka uliniuliza ni ofisi ya nini, nami nikakujibu makaratasi tu. Nilipata meza, kiti chenye mto, na siku mbili za mapumziko kila wiki kama wakubwa. Watoto walikuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja. Mke wangu ana duka lake la vitambaa, anatoka asubuhi. Basi nikajikuta nina muda, tena mwingi, na sijui nifanye nao nini. Wale wa drafti walishakufa au walihama. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi Jumapili natazama viatu vya wapita njia. Nikijaribu kufanya kazi ndogo ya mikono, moyo unagoma. Ule uchovu wa miaka kumi na sita ulikuwa umenisubiri nikae ndipo unidai. Nilikuwa nataka kulala tu, dada. Simaanishi usingizi wa kawaida. Nilitaka kulala mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuniita.

Wewe nawe wakati huo ukastaafu. Ulituandikia barua ndefu ya furaha. Utapanda mboga, utamtembelea yule rafiki yako wa chuoni, utasoma vitabu vyote ulivyokuwa unawahimiza wanafunzi wavisome na wewe mwenyewe hujavigusa. Mapumziko yako yalidumu mwaka mmoja. Baba akaanguka bafuni, kiharusi kikamchukua upande mzima, na tangu siku ile hujalala kwa muda wako. Ni miaka kumi sasa. Mumeo angekuwa hai angekusaidia kumgeuza, lakini umebaki peke yako na mzee mwenye uzito wa magunia mawili.

Mwaka uliofuata nilikuja, unakumbuka, siku kumi. Ulinifundisha namna ya kumwinua, mkono huu chini ya mabega, goti hili kitandani. Tulimwogesha pamoja. Sikuwahi kumwona Baba uchi, na yeye alijua, akafumba macho kila mara nilipomshika. Hukuwahi kufumba yako. Ulikuwa unaimbaimba na kumtania kwamba mbavu zake zinahesabika kuliko za mbuzi, naye anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Nilikuambia ni mahindi. Basi la kurudi lilipoondoka stendi nilisikia furaha, dada, furaha ya mtoto aliyetoroka shule, na nililala hadi mwisho wa safari. Hiyo ndiyo mara ya mwisho umeniona, miaka tisa iliyopita.

Baada ya hapo unajua kilichofuata, maana kila mwaka nilikuandikia. Mwaka wa kwanza nilisema nilikuwa njiani, meneja akaniita nirudi. Mwaka wa pili akakataa kabisa. Wa tatu vilevile. Wewe ndiye uliyembandika lile jina la Kufuli, kwamba amenifungia humu na ufunguo kaumeza. Mwaka wa nne ukaniandikia kwamba daktari amekuta presha ya macho, kwamba jicho la kushoto linahitaji kufanyiwa upasuaji haraka na ukishafanyiwa usiiname wala usiinue kitu kizito kwa majuma matatu. Uliomba siku ishirini na moja tu. Uliniambia nimwonyeshe Kufuli cheti cha daktari, ukakiweka humo ndani ya bahasha. Nikakujibu kwamba imeshindikana, na nikakutumia na barua ya kiofisi ya kukataliwa, imepigwa mhuri. Ukaahirisha. Miezi saba baadaye ukaandika kwamba jicho limezima, na ukanikataza nisijilaumu, kwamba dhambi ni ya yule mtu na Mungu anaiona.

Sasa turudi kwenye ofisi ya huyo mtu, Jumanne ya wiki hii, saa nne asubuhi.

Hapa kiwandani hakuna anayemwita Kufuli. Jina lake la mtaani ni Bwana Samahani. Ni mtu mwembamba, mpole, anaomba radhi kabla ya kukutuma, anaomba radhi tena ukirudi. Alinipa barua yako, akaniambia samahani, imeandikwa kwa jina lake hivyo aliifungua, ila anadhani ni yangu. Nikaisoma nimesimama. Nilipomaliza aliniuliza taratibu kama hapa kiwandani kuna meneja mwingine ambaye yeye hamjui. Kisha akafungua daftari la likizo, akaweka kidole kwenye mstari wangu, akaupitisha mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nimekwenda likizo kila mwaka. Siku ishirini na nane, zote, na sahihi yangu pembeni. Akasema kwamba miaka yote hii kuna mama mahali fulani amekuwa akimlaani, naye hakujua amemkosea nini, na kwamba angependa kuelewa.

Dada, hajawahi kuninyima likizo. Hakuna aliyeninyima. Tanuri la chupa halizimwi, likipoa kioo kinaganda ndani na linakuwa la kubomolewa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupanga nani yuko kazini na nani yuko mapumziko, mwaka mzima. Mtu huyo anaitwa karani wa zamu. Ana ubao mkubwa ukutani wenye misumari, na kwenye kila msumari kadi ya mfanyakazi. Kadi ikiwa juu ya mstari mwekundu uko kazini, ikiwa chini uko likizo. Wafanyakazi mia mbili wanamjia na sababu zao, harusi, msiba, mama mgonjwa, naye anaamua. Karani huyo ni mimi, tangu siku ile niliyokuambia makaratasi tu. Nimewapa watu likizo za mama wagonjwa mpaka nimezijua kwa sauti, nani anasema kweli na nani anaigiza. Kadi yangu naitundika mwenyewe. Ile barua ya kukukatalia niliipiga chapa mwenyewe, mhuri ulikuwa kwenye droo yangu. Kufuli ni mimi.

Utauliza nilikuwa wapi. Najua utafikiri mwanamke. Ningekuwa na mwanamke ingekuwa rahisi, ungenitukana siku mbili tukamaliza. Ile mara ya kwanza nilikuwa kweli nakuja. Basi liliharibika kwenye ule mji mdogo wa katikati ya safari, tukalala pale. Nilipata chumba kwenye nyumba ya wageni nyuma ya karakana ya seremala. Kitanda cha chuma, beseni, dirisha linalotazama mbao. Asubuhi nikasikia honi ya basi ikiita abiria. Nilikuwa macho. Nikasema nitaamka sasa hivi. Honi ikapiga tena, nikavuta shuka. Basi likaondoka. Nikalala siku kumi na nne.

Mwaka uliofuata sikungoja basi liharibike. Nilimuaga mke wangu kwamba nakwenda kumuuguza Baba, nikakuandikia wewe kwamba nimenyimwa ruhusa, nikashuka katikati. Na kwa kuwa ninyi wawili mlikuwa hamsemeshani, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nilikula mkate na mayai ya kuchemsha. Nilisikiliza msumeno. Nilisoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa misumari. Mama mwenye nyumba alidhani natafutwa na polisi, akanihurumia, akanipa chumba kilekile kila mwaka. Mara nane, dada.

Cheti chako cha daktari nilikuwa nacho ndani ya begi ile mara ya nne, chini ya kitanda kile. Nilijiambia presha ya macho haiumi. Nilijiambia majuma matatu si kitu, utapata mtu jirani. Sikukisoma mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa nimekielewa vizuri sana. Siku zilezile ambazo ungekuwa umelazwa, mimi nilikuwa nimelala. Naandika sentensi hii na sioni namna ya kuilainisha.

Ungedhani baada ya jicho kuzima nilikoma. Sikukoma. Nilikwenda mara nne zaidi. Usingizi wenyewe ulikuwa umekwisha, nilikuwa nakodoa macho darini mchana kutwa, lakini kuja kwako na kukaa mbele ya jicho lile sikuweza. Nimeona haya mpaka haya zenyewe zikawa kisingizio.

Nilimwambia Bwana Samahani haya yote nimesimama. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Alisema hapendi kuingia kati ya ndugu, ila hataki kubeba jicho la mtu ambalo hakulila, kwa hiyo ama nikuandikie mimi kabla ya Ijumaa ama atakuandikia yeye. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe kwenye ubao ofisini kwangu, vijana wote wanatazama, akaitoa kadi yangu juu akaitundika chini ya mstari. Akaniambia samahani kwa kunichelewesha.

Jioni ileile nikamwambia mke wangu. Alikuwa anachambua maharage. Nilitegemea sinia liruke, halikuruka. Alichambua hadi akamaliza, ndipo akauliza swali moja tu. Vifurushi vilikwenda wapi?

Dada, hapa ndipo panaponiua, na wewe hupajui kabisa. Kila mwaka niliposema nakwenda kwa Baba, mke wangu alifunga kifurushi. Fulana za pamba alizomshonea Baba zenye vifungo upande ule ambao mkono wake unafanya kazi, yeye mwenyewe aliufikiria upande huo. Sabuni laini isiyochubua ngozi. Na kwako kitambaa cha gauni, kila mwaka kimoja, na salamu kwamba ya cherehani yaishe, yeye ameshasamehe naye anaomba asamehewe. Nilivibeba vyote hadi mji ule, nikawagawia seremala na mama mwenye nyumba ya wageni. Nikirudi ananiuliza dada amesema nini, nasema amenyamaza. Alilia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akasema una moyo mgumu lakini mzee hana kosa, akafunga kingine. Na wewe kila barua yako ulikuwa unaniuliza imekuwaje mke wangu hajawahi kuulizia hali ya mkwewe hata siku moja, nami nilikuwa nakujibu tumwache alivyo. Mngepatana mwaka uleule, mngeandikiana, na mimi ningekamatwa. Kwa hiyo niliuweka ugomvi wenu ukiwa hai, nikiulisha kidogokidogo. Kumbe kila mmoja wenu alikuwa anamngojea mwenzake.

Sina kisingizio. Nilijaribu kukitafuta usiku kucha kwa ajili ya barua hii na sikukipata. Nilichoka, kweli nilichoka, lakini wewe ulichoka kuliko mimi na ulikaa. Ule muda niliokwenda kuulalia mbele ya mbao za watu haukuwa wangu. Nilichukua likizo yako nikailala mimi.

Sasa sikiliza maombi yangu, ni machache. Usiahirishe Jumatatu. Najua hasira zako, ukizisikia zinapanda utasema humwachii Baba mwongo kama mimi, na utakaa. Usikae. Kama hutaki kula nami, niwekee chakula nje. Kama hutaki kunisemesha, andika kwenye karatasi saa za dawa na upande wa kumlaza, ubandike ukutani, uondoke bila kuniaga. Nimekata tiketi ya kuja peke yake, ya kurudi sijakata, kwa sababu najijua. Siku ya kwanza nitakuwa hodari. Naiogopa siku ya pili asubuhi, Baba anapohitaji kugeuzwa na mwili wangu unataka kuvuta shuka. Hapo nisiwe na mahali pa kukimbilia.

Na sitakuwa peke yangu. Mke wangu anakuja kwenye basi hilohilo. Amefunga kifurushi cha mwaka huu, na amesema atakipakata mwenyewe njia nzima, mimi nisikiguse. Kwenye ule mji wa katikati atanishika mkono hadi basi liondoke. Alisema hivyo bila kucheka.

Sitakuomba unisamehe katika barua, maana barua nyingine nilizokuandikia zote zilikuwa za uongo na hii haina haki ya kudai zaidi ya kusomwa. Nikifika nitasimama mlangoni. Kama huwezi kuniangalia, usiniangalie, dada. Lifumbe hilo jicho, ulitunze kwa ajili ya Jumatatu.

Nisalimie majirani wote wanaokusaidia kumwinua mzee, kila mmoja kwa heshima yake, nami nitawasalimia mwenyewe kwa mikono miwili. Baba mwambie nakuja, mengine nitamwambia mimi. Nakutakia afya njema na usingizi mtamu, wewe uliyeukosa.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekulia mgongoni mwako.